Kiu ya Balangida na Kitanda cha Melini

Mwezi huu tunaziacha kidogo habari za chanjo na lishe, tuzungumzie safari. Wengi wenu mmekuwa mkituuliza kama inafaa mama mwenye mume na watoto aiache nyumba juma zima akaenda kutembea tu, pasipo msiba, harusi wala kuuguza mgonjwa. Jibu letu ni fupi: inafaa, na kwa afya yake ni dawa. Lakini iko shida moja ambayo akina mama wengi huifungasha pamoja na nguo zao, na ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo bila kuona haya. Mama anaposafiri, hujinyima maji.

Jangwa letu na meli yetu

Watu wenye fedha nyingi wana mtindo wao wa likizo. Huanza kwa siku moja ya jangwani, labda Misri au Dubai, wapande ngamia na kupiga picha juu ya mchanga. Kisha huingia katika meli ya anasa yenye ghorofa nyingi, wakakaa humo juma zima au zaidi, wakila na kulala na kuamkia bandari nyingine. Meli za namna hiyo hufika hata kwetu. Januari 2024 meli ya Norwegian Dawn ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000.

Sisi akina mama wa Mbulu na Hanang tulijitengenezea safari ya namna hiyo kwa kadiri ya mfuko wetu. Tulikuwa 22. Kwa miaka miwili kila mmoja aliweka shilingi 10,000 kila mwezi kwenye sanduku la kikundi, na mtunza hazina wetu hakumkopesha mtu hata senti moja. Julai 2022, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani, tukaondoka. Jangwa letu lilikuwa Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang. Meli yetu ilikuwa MV Victoria, kutoka Mwanza hadi Bukoba.

Kabla ya kuondoka maneno hayakukosekana. Baba mmoja aliuliza nani atamkamulia ng'ombe. Mwingine alitaka kujua watoto watakula nini, kana kwamba unga na maharage vingeondoka nasi. Mwenyekiti wetu, bibi wa wajukuu tisa, aliwajibu kwa upole: "Baba zetu, sisi wenyewe ndio tuliowazoeza vibaya. Siku saba hizi mtajifunza chumvi inakaa wapi." Wakacheka, wakatupa ruhusa, na mmoja wao akatuchinjia hata kuku wa njiani.

Siku ya Balangida

Akina mama wa Mbulu, Dongobesh na Haydom waliteremka hadi Katesh siku moja kabla, tukalala pamoja. Julai ni mwezi wa baridi huku kwetu, kwa hiyo asubuhi tuliingia katika Coaster tukiwa na masweta na vitenge juu yake. Baridi hiyo ndiyo inayodanganya. Mtu asiyeona jasho hudhani mwili wake haupotezi maji.

Balangida ni ziwa la chumvi katika Bonde la Ufa. Mvua zikinyesha hujaa, na kiangazi maji hunywea, yakaacha uwanda mweupe unaong'aa kama shuka iliyoanikwa. Nyuma yake unasimama Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Si jangwa lile la vitabu vya jiografia, maana mvua hufika na mifugo ya Wadatoga hulisha pembeni. Lakini ukisimama katikati ya chumvi saa sita mchana, huoni mti wala kivuli. Jua linapiga kutoka juu, mwanga unarudi kutoka chini na kuumiza macho, na upepo unakausha midomo kabla hujamaliza sentensi.

Tuliwakuta wanawake wakikwangua chumvi na kujaza magunia, punda wakisubiri kubebeshwa. Wengi wetu tulinunua, na hapa tuseme neno moja la kiuguzi. Chumvi hiyo ya ziwani wape ng'ombe, lakini ya chungu cha familia iwe ile iliyotiwa madini joto. Kuyakosa madini hayo huleta rovu, na kwa mama mjamzito huweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka mlima ule ule, yakaangukia Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Waliotuelekeza njia siku ile ni watu wa huko. Hatuwezi kuandika habari za furaha tuliyoipata chini ya mlima huo bila kuwakumbuka waliofiwa.

"Msinipe maji"

Yapata saa saba mchana mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye miaka hamsini hivi, aliketi ghafla juu ya chumvi. Alisema anaona giza. Midomo ilikuwa imepasuka, ulimi mkavu, na mapigo ya moyo yalikwenda mbio. Tulimpeleka kwenye kivuli cha gari, tukamlaza na kumwinua miguu, tukamtengenezea maji ya chumvi na sukari. Akaifunika midomo kwa kiganja.

"Nesi, msinipe maji. Nikinywa nitaaibika mbele za watu."

Tukawaomba wenzetu wasogee. Ndipo aliposimulia. Tangu jana yake jioni hakuwa amekunywa kitu, hata chai ya asubuhi aliimwaga kwa siri. Tangu alipojifungua mtoto wake wa nne, miaka 14 iliyopita, mkojo humtoka akikohoa, akicheka, akibeba ndoo au akipanda gari linaloruka kwenye mashimo. Chini ya sketi huvaa vipande vya kanga kuukuu. Kwaya aliiacha akisingizia kifua, kumbe hawezi kuimba kwa nguvu. Mumewe hajui. Mama yake mzazi alifariki bila kujua. Katika safari hii alikuwa amepania asinywe maji mpaka arudi nyumbani.

Tulimwambia alichokuwa hajaambiwa na mtu kwa miaka yote hiyo, kwamba yeye si wa kwanza, kwamba hakurogwa wala haadhibiwi, na kwamba lipo la kufanya. Akanywa kidogo kidogo. Baada ya nusu saa akaketi mwenyewe.

Jioni tulipokaa wote tuliuliza, bila kumtaja, nani alikuwa amekunywa maji ya kutosha siku hiyo. Tukaona aibu yote. Zaidi ya nusu walikuwa wamejizuia, ingawa wengi wao hawana tatizo lolote la mkojo. Mmoja alisema madereva hawapendi kusimamishwa. Mwingine alisema kuchimba dawa ni rahisi kwa wanaume, bali mama na sketi yake aende wapi kwenye uwanda mtupu? Wawili, wenye shinikizo la damu, walikuwa wameviacha nyumbani kwa makusudi vidonge vyao kwa kuwa huwakojoza.

Kiu humfanya nini mama

Wapenzi wasomaji, mwili haudanganyiki. Ukiunyima maji, damu hupungua wingi wake, ndiyo maana mtu husikia kizunguzungu anaposimama, kichwa huuma na moyo hukimbia. Mkojo unaobaki huwa mchache na mkali, na unapokaa muda mrefu kwenye kibofu vijidudu hupata nafasi ya kuzaliana, ukaja ule ugonjwa wa njia ya mkojo unaochoma kama pilipili. Choo kikubwa nacho huwa kigumu. Ukikaa saa nyingi kwenye kiti bila kunyoosha miguu, damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mjamzito na kwa aliyejifungua karibuni.

Tena kujinyima maji hakumsaidii anayevujwa na mkojo. Mkojo mkali huchokoza kibofu, na kibofu kilichochokozwa hudai kumwagwa mara kwa mara. Mama anadhani anajilinda, kumbe anaongeza shida yenyewe.

Mtu mzima mwenye afya ahesabu kama lita mbili za vinywaji kwa siku, na azidishe penye jua kali. Kipimo rahisi ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano mepesi, uko salama. Ukiwa kama chai ya rangi, kunywa. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo na afuate maneno ya daktari wake. Mtu akizimia kwa jua au akiharisha njiani, na pakiti ya dawa ya maji haipo, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi.

Na nyinyi wenye vidonge vya presha vinavyokojoza, msiviache nyumbani. Muulizeni mtoa dawa mapema kama siku ya safari mnaweza kumeza baada ya kufika. Kubadili saa kwa ushauri ni jambo jema. Kuacha dawa juma zima ni kuualika ugonjwa wa kiharusi.

Ukuta wa kanga

Tangu usiku ule kikundi kilijiwekea sheria. Asubuhi ya safari ya Mwanza tulizungumza na dereva kabla hajawasha gari, tukamwambia tutasimama kila baada ya saa mbili, awepo anayehitaji au asiwepo. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Mama zangu, semeni tu, nitasimama," alisema. Hakuna mama aliyelazimika kuinua mkono na kutazamwa na gari zima.

Tulisimama kwenye vituo vyenye choo Singida, Nzega na Shinyanga. Palipokosekana choo tulijenga ukuta wa kanga. Wanne wanasimama duara wakiwa wamezipa mgongo katikati, kanga zimetandazwa mikononi, na anayehitaji anaingia ndani. Mwenyekiti wetu alikuwa mlinzi wa ukuta huo, na alipiga hadithi kwa sauti kubwa ili asiwepo wa kusikia kitu. Yule mama yetu wa Balangida aliingia mara ya kwanza akiwa ameinamisha uso. Mara ya tatu alitoka akicheka.

Usiku wa kwanza melini

Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kupanda meli. MV Victoria ilitengenezwa Uskoti, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilikaa miaka kadhaa bila kufanya kazi, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Wakati huo iliondoka Mwanza usiku na kufika Bukoba asubuhi.

Bandarini hofu iliingia. Aliye na umri wetu hakuisahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu kabisa na Mwanza na kuzama na mamia ya watu. Wengi wao walizikwa Igoma. Wala hatukuisahau Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu 228. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Hatukuwaambia wenzetu waache kuogopa. Hofu yenye akili huokoa. Tuliwafundisha mambo manne. Panda kwa tiketi yenye jina lako. Chombo kikionekana kimejaa mno, shuka bila kujali nauli. Ukiingia tu, uliza majaketi ya kujiokolea yako wapi na jaribu kufunga kamba zake ungali umetulia. Kisha tazama njia ya kutokea kutoka ulipolala.

Usiku ziwa lilicheza kidogo na matumbo yakaanza kuchafuka. Kichefuchefu cha majini hutokea kwa sababu sikio la ndani linasikia mwendo ambao macho hayauoni. Kwa hiyo mgonjwa asijifungie akaangalia ukuta. Atoke penye hewa, akae sehemu ya katikati ya meli ambako mtikisiko ni mdogo, atazame mbali taa za pwani au mstari wa maji na mbingu. Ale kidogo vitu vikavu kama biskuti, na kipande cha tangawizi husaidia wengi. Vidonge vya kuzuia kutapika vipo, lakini huleta usingizi, na mwenye mimba asimeze bila kuuliza.

Yaliyobaki ya usiku ule yalikuwa raha tupu. Hakuna aliyetuamsha kutafuta soksi. Hakuna maziwa ya kukamua wala moto wa kuwasha. Tulilala katika vitanda vidogo vilivyotandikwa na mtu mwingine, na chakula kilipikwa na mtu mwingine, na sahani zikaoshwa na mtu mwingine. Mama mmoja wa Haydom alikaa kitandani akitazama mikono yake kama mgeni, akasema hajui aiweke wapi.

Kulipopambazuka tuliuliza kila mmoja amependa nini zaidi. Wengine walitaja jua likichomoza majini, wengine chai. Mama yetu wa Balangida alisema: "Choo. Kipo hatua chache kutoka kitandani, kina mlango, na mlango una komeo. Nimekunywa chai vikombe viwili na nimelala bila hofu. Hii ndiyo anasa." Hakuna aliyecheka. Kila mmoja aliona ukweli wa neno hilo.

Mchana tulitembea Bukoba, tukaingia kanisa kuu alikozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Siku ya pili tukapanda meli tena kurudi, na safari hii hata waliotapika mwanzo walikula samaki.

Sabuni ni ya maskini na tajiri

Msidhani kwamba mwenye meli ya ghorofa kumi amesalimika na mambo ya tumbo. Ile Norwegian Dawn tuliyoitaja, mwezi mmoja tu baadaye, Februari 2024, ilizuiwa na Mauritius kuingia bandarini kwa sababu abiria kadhaa walikuwa na dalili za tumbo na ikahofiwa ni kipindupindu. Vipimo vikaonyesha sicho, ikaruhusiwa. Mahali ambapo watu wengi wanakula pamoja na kushika vyuma vile vile vya ngazi, vijidudu vya kuharisha husambaa upesi, na baadhi yake haviuliwi vizuri na ile dawa ya kupaka mikononi. Maji yanayotiririka na sabuni ndiyo dawa. Kila mama wetu alibeba kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa sweta, na hakuna aliyeharisha.

Mkojo ukikutoka bila hiari

Sasa tuje kwa wewe unayesoma ukurasa huu huku umeufunika kwa mkono. Mkojo unaotoka kidogo unapokohoa au kucheka huwapata wanawake wengi sana waliozaa, na wengi pia baada ya kukoma hedhi. Misuli inayokibeba kibofu imelegea kwa uzito wa mimba na kazi ya uzazi. Misuli hufundishwa.

Fanya hivi. Keti au lala. Kaza misuli kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, bila kukaza matako wala kuzuia pumzi. Hesabu hadi tano, legeza, pumzika, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na kadiri wiki zinavyokwenda hesabu hadi kumi. Unaweza kufanya ukiwa kanisani au ukichambua mchele, na hakuna atakayejua. Usitazamie matokeo kwa wiki moja. Subiri miezi mitatu bila kuacha. Wenye uzito mkubwa wakipunguza kidogo hupata nafuu zaidi, na kikohozi cha muda mrefu kitibiwe.

Mkojo ukitoka muda wote, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa siku nyingi, hilo ni jambo lingine. Inawezekana ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mazoezi hayalizibi, linahitaji upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam hutibu fistula bure, na Bugando ya Mwanza nayo imewapasua wanawake wengi. Tarehe 23 Mei ya kila mwaka dunia huadhimisha siku ya kuitokomeza fistula, wakati bado wako akina mama wanaofichwa nyumba ya nyuma na kuitwa wenye laana. Ukimjua mmoja, mfuate wewe, usingoje akufuate.

Nenda hospitali pia ukiona damu kwenye mkojo, ukisikia maumivu au homa, ukihisi kitu kinashuka ukeni, au ukikojoa sana na kusikia kiu isiyoisha, maana huenda ni kisukari. Kwa sisi wa Mbulu na Hanang, Haydom ipo tangu mwaka 1955, na zipo hospitali za wilaya na vituo vya afya. Mwambie mhudumu kwa maneno yako ya kawaida. Sisi wauguzi tumesikia yote.

Mama yetu yule alipimwa baada ya safari. Hakuwa na fistula wala ugonjwa mwingine. Alifanya mazoezi, akamwambia mumewe, naye mzee akajibu kwa masikitiko, "Miaka 14 nilidhani umechoka kukaa nami." Leo yumo katika sauti ya pili ya kwaya.

Kwa wanaopanga safari

Iwe ni umoja wa akina mama, kwaya au arusi, kabla ya kukusanya nauli ulizeni vyoo viko wapi njiani. Mpatane na dereva vituo kila saa mbili. Bebeni maji ya kutosha, sabuni, kanga nne za ukuta, pakiti za dawa ya maji na vitambaa safi vya ziada ambavyo mtu atachukua bila kuulizwa. Dawa za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Teueni mama mmoja mtu mzima wa kuwauliza wenzake kwa siri kama wamekunywa maji.

Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa kuchungulia, mna sehemu yenu. Mama wa nyumba yako akikataa chai kabla ya safari, usimsifu kwamba si msumbufu njiani. Muulize kwa upole, mkiwa wawili. Na nyumbani, choo kiwe na mlango, na mlango uwe na komeo. Hilo halihitaji sanduku la miaka miwili.

Anzeni kuweka akiba yenu, akina mama. Nchi yetu ni nzuri, na nyinyi mna haki ya kuiona mkiwa mmeshiba na mmekunywa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza habari za macho ya wazee. Bwana awalinde njiani na nyumbani.